Shajara ya mradi: bakteria adimu na mstari mmoja kwenye fomu ya maabara

Mwanzo wa Machi

Mradi wenyewe ni daftari. Maabara ninayofanyia kazi hapa Malindi huotesha damu, mkojo, usaha na choo, yaani huwalisha bakteria waliomo mpaka waongezeke na kutambulika, na majina mengi yanayotoka ni ya kila wiki: Escherichia coli kwenye mkojo, Staphylococcus aureus kwenye majipu, Klebsiella kutoka wodi ya vichanga. Hayo hayana haja ya daftari. Letu ni la yale majina yanayotokea mara moja moja, ambayo muuguzi akiyasoma hupiga simu kuuliza, na jamaa za mgonjwa wakiyasoma huyatafuta kwenye simu zao, kisha usiku huo hawalali.

Jina geni likitoka, watu huenda njia mbili. Wako wanaoshtuka wakaandika antibiotiki kali kabla jua halijatua. Wako wanaosema "huo ni uchafu tu", na sahani walimoota bakteria ikaenda kutupwa. Zote mbili zina hatari, na zote zinaruka maswali yale yale: sampuli imetoka wapi mwilini, imechukuliwa vipi, imeota katika chupa ngapi, imechukua muda gani kuota, na mgonjwa mwenyewe hufanya kazi gani. Nataka kila ukurasa uanze na maswali hayo, ndipo jina la bakteria lifuate.

Tumekubaliana liandikwe kwa Kiswahili. Anayemshika mtoto mkono na kumtoa damu saa nane za usiku ndiye anayejua kama spiriti ilikauka au haikukauka kabla ya sindano kuingia. Daftari lisipomfikia huyo, halina kazi.

Katikati ya Machi

Kabla ya ukurasa wa kwanza nilitaka hesabu ya watu wa kwetu, na hapa tuna bahati. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walio Kilifi walifanya kazi kubwa hospitalini pale kati ya 1998 na 2002, na matokeo yakachapishwa 2005. Watoto waliolazwa walikuwa 19,339, na waliooteshwa damu ni 16,570. Kwa vichanga wasiotimiza siku 60, bakteria wa ugonjwa walipatikana kwa 228 kati ya 1,783, yaani asilimia 12.8. Kwa waliozidi umri huo, 866 kati ya 14,787, yaani asilimia 5.9.

Nimekaa na hesabu hizo jioni nzima, maana ndani yake mna jambo ambalo halisemwi wodini. Chukua chupa 100 za damu za watoto wa kundi la pili. Sita hivi zina bakteria wa kweli. Maabara nyingi hujiwekea kikomo kwamba uchafuzi wa chupa za damu usizidi asilimia 3. Tuseme na sisi tumefika hapo. Chupa tisa zitaota, na tatu kati ya hizo tisa ni bakteria wa ngozi walioingia na sindano. Mtoto akilia na kujitupa, mshipa usionekane, foleni iwe ndefu, uchafuzi ukipanda hadi asilimia 6, basi nusu ya chupa zilizoota hazina habari yoyote ya ugonjwa. Mashine ni ile ile na fundi ni yule yule. Kilichobadilika ni namna ngozi ilivyosafishwa.

Hesabu ya pili inatisha zaidi, na ndiyo roho ya daftari hili. Uwe na kipimo kizuri kinachopatia mara 99 kati ya 100, kwa wagonjwa na kwa wazima. Ugonjwa unaoutafuta uwe unampata mtu mmoja kati ya 1,000. Ukipima watu 1,000, huyo mmoja utampata, takriban. Lakini kati ya wale 999 wazima, karibu 10 watatoka na jibu la "anao". Kwa hiyo ukishika karatasi yenye jibu hilo mkononi, uwezekano kwamba mwenye karatasi anaumwa kweli ni kama mmoja kati ya 11. Jinsi ugonjwa unavyozidi kuwa adimu, ndivyo jibu la "anao" linavyohitaji shahidi wa pili.

Nimeandika pia ukurasa mmoja kuhusu Widal, ingawa hauhusu jambo adimu hata kidogo. Kipimo hicho, kilichotolewa na Fernand Widal wa Ufaransa mwaka 1896, hakiwatafuti bakteria wa taifodi. Hutafuta kingamwili zilizo kwenye damu. Mtu aliyekulia mahali penye taifodi, au aliyepata Salmonella wa aina nyingine, anaweza kuwa nazo akiwa na afya yake kamili. Hata hivyo kila siku hapa mjini mtu hutoka dukani kwa dawa akiambiwa "una taifodi kidogo" kwa tone moja la Widal, akanunua vidonge. Hili linaniuma. Damu ya kuotesha huchukua siku kadhaa na gharama yake ni kubwa zaidi, najua, lakini ndiyo inayomtoa bakteria mwenyewe, ukamwekea dawa mbele ukaona ipi inamuua.

Mwisho wa Machi

Kazi ya sahani. Agari ya damu (ule utomvu mgumu wenye damu ambao bakteria huota juu yake) tuliyokuwa tukitumia ilitengenezwa kwa damu ya binadamu iliyopitwa na muda, kwa kuwa ndiyo iliyopatikana. Damu hiyo huweza kuwa na kingamwili na mabaki ya dawa yanayozuia bakteria kuota, tena ule uyeyukaji wa damu pembeni ya koloni, yaani kijidoa cha bakteria walioota pamoja, hauonekani sawasawa, sembuse hatari kwa anayeitengeneza. Sasa daktari wa mifugo ametusaidia kupata damu ya kondoo, ikatikiswa na shanga za kioo isigande. Tunatia asilimia 5. Tofauti ni kubwa. Duara la kijani pembeni ya koloni na duara jeupe linalopenya mwanga sasa vinajulikana bila kubishana.

Tumepima sahani mpya kwa bakteria wa majaribio wanaojulikana, E. coli ATCC 25922 na S. aureus ATCC 25923. Wote wameota kama inavyotakiwa.

Jambo moja la kihistoria nimelitia daftarini kwa sababu linatuhusu sisi watu wa joto. Zamani bakteria walioteshwa juu ya jelatini, ambayo huyeyuka kabla ya kufika joto la mwili. Mwaka 1881 Fanny Hesse, mke wa mmoja wa watafiti waliokuwa na Robert Koch nchini Ujerumani, alishauri itumike agari, aliyokuwa akiitumia jikoni kwake. Agari hutokana na mwani mwekundu wa baharini. Bila shauri la mama yule, sahani zetu zingekuwa uji ifikapo saa nne asubuhi.

Aprili, wiki ya kwanza

Jina la kwanza adimu tangu mradi uanze: Kocuria kristinae. Mtoto wa miaka miwili, homa ya siku mbili. Chupa mbili zilichukuliwa, ikaota moja, na iliota siku ya tatu. Jina lilitolewa na mashine ya utambuzi ya maabara nyingine tulikopeleka sampuli.

Baba mtoto alifika dirishani na simu mkononi. Alikuwa amesoma kuhusu wagonjwa wa saratani waliopata bakteria huyo kwenye damu.

"Samahani ndugu yangu," akaniambia, "hebu niambie ukweli tu. Mtoto ana saratani?"

Nilimtoa nje tukakaa kwenye benchi. Nikamwambia majibu ya tiba ni ya daktari, lakini bakteria huyu ninaweza kumweleza. Huishi kwenye ngozi za watu wazima na watoto, na mimi huenda ninaye. Kuna wagonjwa wachache waliougua kwa sababu yake, hasa wenye mipira iliyoachwa kwenye mishipa muda mrefu au wenye kinga iliyoshuka, na hao ndio waliomo kwenye maandishi aliyoyasoma. Mtoto mzima mwenye bakteria wa ngozi ndani ya chupa moja hakuna anayekaa kuandika habari zake. Tena mashine hizi zimewahi kuonekana zikiwaita Kocuria wale stafilokoki wa kawaida wa ngozi, wasiogandisha plazima.

Nikamuuliza mtoto anaendeleaje. Akasema homa imekwisha tangu jana, amekula wali kwa samaki, anasumbua wodi nzima. Daktari aliomba damu irudiwe, chupa mbili, kutoka mikono miwili tofauti. Hazikuota kitu. Mtoto amekwenda kwao bila antibiotiki.

Ukurasa wa Kocuria umekamilika, na nimeuandika kwa kumfikiria yule baba. Mtu akitafuta jina adimu huletewa wagonjwa wa kutisha peke yao, maana ndio walioandikwa. Daftari lazima liseme hivyo waziwazi, katika mstari wa kwanza.

Aprili, wiki ya tatu

Huyu ndiye aliyebadilisha mradi.

Chupa ya damu ya mama wa makamo, homa ya wiki kadhaa inayokwenda na kurudi. Fomu ilisema "homa, chunguza", basi. Mahali pa kazi ya mgonjwa hapakuandikwa kitu. Chini ya hadubini, kwa rangi za Gram zinazowagawa bakteria makundi mawili (wanaobaki zambarau huitwa Gram chanya), vijiti vyembamba vya zambarau. Kwa desturi ya maabara nyingi, vijiti vya Gram chanya kwenye damu huhesabiwa kuwa Corynebacterium wa ngozi, na hadithi inaishia hapo.

Lakini chupa zote mbili zilikuwa zimeota. Na ukurasa tuliokuwa tumeuandika wiki iliyotangulia ulisema: chupa zote zikiota kitu kimoja, usiseme uchafu mpaka umejaribu katalesi, kimeng'enya kinachoifanya hidrojeni peroksaidi itoe povu. Tukatia tone la hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 juu ya koloni. Corynebacterium angetoa povu papo hapo. Huyu hakutoa hata kipovu. (Kwa watakaojaribu: chota koloni peke yake kwa kijiti, usibebe agari ya damu, kwa kuwa chembe nyekundu zina katalesi yake na zitakudanganya.)

Kwenye sahani koloni zilikuwa ndogo mno, na siku ya pili zikazungukwa na ukijani. Tukamchoma kwenye mrija wa sukari tatu na chuma. Kesho yake njia ya sindano ilikuwa nyeusi. Ni wachache sana kati ya vijiti vya Gram chanya wanaotoa gesi ya salfaidi ya hidrojeni namna hiyo, na aliye kitabuni kwa sifa hizi zote ni mmoja: Erysipelothrix rhusiopathiae.

Nikaenda wodini kabla hata ya kuandika jibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo majibu hayo?"

"Bado kidogo, mama. Nimekuja kukuuliza kazi yako tu."

Akacheka. "Kazi gani tena? Mimi mama karanga. Napokea samaki pale wanapoteremsha, nawapaa, nakaanga, nauza."

Akanionyesha kidole cha shahada cha kulia. Miezi ya nyuma mwiba wa tasi ulimchoma. Kidole kilivimba kikawa na rangi ya zambarau iliyokata ukingo wake vizuri, kikiwaka kama moto, na usaha haukutoka. Kikapona chenyewe baada ya wiki tatu au nne, naye akakisahau. Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakuona kama kidole kina uhusiano na homa.

Bakteria huyo huishi juu ya samaki, na kwa nguruwe na ndege pia. Wengi wa wanaochomwa huishia na uvimbe wa kidole kama wa mama huyu. Kwa wachache, bakteria huingia kwenye damu, na akiingia hupenda kukaa kwenye vali za moyo, hasa ile ya mshipa mkuu. Halafu liko jambo ambalo limenifanya nipige simu nikiwa bado nimesimama wodini: vancomycin, dawa ambayo madaktari wengi wangeikimbilia wakisikia vijiti au viduara vya Gram chanya kwenye damu, haimwezi bakteria huyu kwa asili yake. Penisilini ya kawaida, ya miaka yote, humuua. Jina sahihi hapa halikuwa pambo la karatasi.

Daktari alisikiliza kifua, akasikia mlio, akaagiza moyo upigwe picha ya mawimbi ya sauti. Penisilini ya mshipani ilianza jioni ile. Koloni zimepelekwa kwenye maabara kubwa zithibitishwe.

Aprili, mwisho

Uthibitisho umekuja: ndiye. Mama anaendelea na sindano na homa imeshuka.

Nimepitia fomu za zamani kwenye kabati. Nafasi ya kazi ya mgonjwa iko kwenye fomu, kwa herufi ndogo pembeni, na karibu zote ni tupu. Katika mji huu, ambapo kuna wavuvi, mama karanga, wapara samaki, wachota kamba, wazamiaji, wakulima wa ng'ambo ya Mto Sabaki na wachinjaji! Vitabu vinavyotuambia bakteria yupi ni adimu vimeandikwa mahali ambapo wagonjwa wengi hawashiki samaki mzima kutoka mwaka hadi mwaka. Adimu kwao si lazima awe adimu kwetu. Kwetu huenda anapita mlangoni na kuitwa uchafu.

Kwa hiyo mradi sasa una sehemu ya pili. Juu ya fomu, chini tu ya jina na umri, uwekwe mstari mmoja wenye maswali matatu: hufanya kazi gani, amechomwa au kukatwa na nini miezi ya karibuni, na ana mpira au kifaa chochote mwilini.

Mei

Pendekezo la fomu limesomwa kwenye kikao. Pingamizi kubwa ni kwamba wauguzi wana kazi nyingi tayari, na hilo ni kweli kabisa. Nilisema maswali matatu huulizwa wakati spiriti inakauka kwenye ngozi, ambao ni muda tunaotaka wasubiri kwa vyovyote. Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto ndiye aliyeunga mkono kwanza. Tumeruhusiwa kujaribu kwa wodi mbili, kwa karatasi ya kubandika, kabla ya kuchapisha fomu mpya.

Kurasa zilizokamilika mwezi huu:

Burkholderia cepacia. Ukurasa mfupi wenye onyo moja kubwa. Akitokea kwa wagonjwa kadhaa wiki moja, wasiohusiana, usikimbilie kuwatibu wote. Chukua chupa za dawa ya kusafishia ngozi uzioteshe. Bakteria huyu anaweza kuishi ndani ya dawa za kuulia vijidudu zenyewe. Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, povidone-iodine iliyochafuka kiwandani ilifanya damu za wagonjwa wengi zionekane zina bakteria ambao miilini mwao hawakuwamo. Tumeacha kujazia chupa za zamani dawa mpya.

Vibrio wa majeraha. Huyu wavuvi wanamjua kwa matendo yake hata kama jina hawalijui: jeraha la maji ya chumvi linalovimba kwa saa chache tu. Vibrio vulnificus ni hatari mno kwa mwenye ugonjwa wa ini. Kwenye sahani ya TCBS, iliyotengenezwa kwa ajili ya Vibrio, hutoka kijani, na V. alginolyticus hutoka njano. Nimesisitiza kwamba daktari asisubiri jibu la maabara: jeraha likienda kasi hivyo, dawa hutangulia.

Mycobacterium marinum. Ukurasa huu bado nauandika, na ndio unaonipa shughuli. Ni ndugu wa bakteria wa kifua kikuu, aliyetambuliwa 1926 na Joseph Aronson kwa samaki wa hifadhi ya Philadelphia. Hufanya vinundu mkononi vinavyopanda kufuata mishipa ya limfu, na havisikii dawa za kawaida. Tabu yake ni kwamba hupenda joto la nyuzi 30 hadi 33, na inkubeta zetu zote, makabati ya joto ya kuoteshea, ziko nyuzi 37. Ukimtafuta kwa joto la mwili, unaweza kungoja wiki nyingi ukaandika "hakuna kilichoota", na mvuvi akarudi na mkono ule ule.

Mei, wiki ya mwisho

Karatasi za kubandika zimeanza kurudi zimejazwa. Si zote, lakini zinatosha kubadili kazi mezani. Wiki hii usaha wa mkono ulifika ukiwa na maneno "mzamiaji, amekwaruzwa na matumbawe", na kwa maneno hayo tu tumeongeza sahani ya chumvi na mirija miwili ya kukaa nyuzi 30. Zamani usaha ule ungepata sahani za kawaida, siku mbili, na kwaheri.

Pia tumekwenda pale samaki wanapoteremshwa, kwa ruhusa ya viongozi wa wavuvi. Hatukwenda kuhutubia sana. Tulieleza mambo machache: mwiba ukichoma, osha kwa maji safi na sabuni mara moja, kidole kikiwa zambarau na kuwaka, usingoje, na ukienda hospitali kwa homa, sema mwenyewe kwamba unashika samaki hata kama hujaulizwa. Mzee mmoja wa mashua aliuliza kama glovu za kufulia zinafaa. Zinafaa, hasa kwa wanaopaa, ila mwiba wa samaki taa utazipenya. Akasema basi ataanza na wajukuu wake.

Yaliyobaki kwa Juni: kupata inkubeta ndogo ya pili itakayokaa nyuzi 30, au kisanduku chenye kipimajoto cha kuaminika, kumalizia ukurasa wa marinum, kuhesabu upya uchafuzi wa chupa za damu kwa wodi mbili za majaribio na kuulinganisha na wodi nyingine, na kupeleka kwa mchapishaji fomu yenye mstari mpya, kikao kikiridhia.